Mchaichai wa kikombe, wa sufuria na wa chupa

Kila baada ya muda ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: chemsha majani ya mchaichai, kunywa asubuhi kabla hujala kitu, saratani itakimbia. Safari nyingine ni presha. Safari nyingine ni figo, au kitambi. Anayeutuma huwa na nia njema, na mara nyingi ni shangazi ambaye huwezi kumbishia mbele ya ukoo mzima. Wakati huohuo dukani kuna chupa ndogo ya mafuta yenye picha ya jani refu la kijani, jirani ameotesha kichaka chini ya dirisha akiamini mbu hawatapita hapo, na kuna muuzaji wa mishumaa ya kufukuza mbu anayeapa kwamba ndani yake mna mchaichai huohuo.

Si huohuo. Jina moja limebebeshwa mimea kadhaa, na mmea wenyewe unatumika kwa namna ambazo nguvu zake zimepishana mno: majani kwenye kikombe, shina kwenye sufuria, mafuta kwenye chupa. Anayetaka kujua kama dai fulani la mchaichai ni la kweli aulize kwanza: mmea upi, sehemu ipi, na kiasi gani? Ujumbe wa WhatsApp haujibu hata moja kati ya hayo.

Mmea wenyewe

Mchaichai wetu wa uani ni *Cymbopogon citratus*. Ni jamii ya nyasi, ukoo mmoja na mahindi, mpunga, mianzi na muwa, na asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. Huota kwa kichaka. Majani yake ni marefu, hufika mita moja na kupita, na kingo zake zina vimeno vidogo usivyoviona mpaka uvute jani kwa pupa na kidole kichanike. Ukifuata majani mpaka chini, karibu na udongo, unayakuta yamekumbatiana kwa nguvu na kutengeneza shina fupi, gumu, jeupe lenye wekundu wa mbali. Livunje, linuse. Harufu iliyomo humo ni nzito kuliko ya jani.

Mchaichai wa aina hii hutoa maua kwa nadra sana, ndiyo maana husikii mtu akiuza mbegu zake. Unang'oa chipukizi lenye mizizi kwa jirani, unalichomeka ardhini mvua zinapoanza, basi. Vichaka vingi vya mtaani ni vipande vya vichaka vingine vilivyotangulia, vimegawiwa kutoka ua hadi ua.

Harufu yake inatokana hasa na kitu kimoja, sitrali. Sitrali imo pia kwenye ganda la limau, lakini kwa kiasi kidogo. Kwenye mafuta mazuri ya mchaichai huchukua takriban asilimia 65 hadi 85. Kwa hiyo mtu anaposema mchaichai unanukia limau kuliko limau lenyewe, hajakosea.

Ndugu wanaofanana

Sasa tuje kwa wanaochanganywa nao. Wa kwanza ni *Cymbopogon flexuosus*, mchaichai wa Kerala, kusini mwa India. Huu hutoa maua, huoteshwa kwa mbegu, na hulimwa zaidi kwa ajili ya mafuta. Kwa miongo mingi mafuta yake yalisafirishwa kupitia bandari ya Cochin, wafanyabiashara wakayaita mafuta ya Cochin. Katikati ya karne ya 20 yalitafutwa sana, kwa kuwa sitrali yake ilikuwa malighafi ya kutengenezea vitamini A viwandani, mpaka viwanda vikajua kuitengeneza sitrali bila jani lolote. Anayenunua chupa ya mafuta ya mchaichai leo anaweza kuwa ananunua ya mmea huu au ya ule wa uani, na kwa harufu havitofautiani sana. Hapo mkanganyiko hauna madhara.

Wenye madhara ni huu wa pili: sitronela. Nayo ni *Cymbopogon*, ziko aina mbili zinazojulikana kibiashara, moja ya Sri Lanka na nyingine ya Java, kisiwa cha Indonesia. Kwa mbali huwezi kuitofautisha na mchaichai, ingawa kichaka chake kwa kawaida ni kikubwa na mashina yake yana wekundu zaidi. Harufu ndiyo inayoisaliti: ni ya limau iliyochanganyika na waridi na sabuni. Mafuta yake hayakutawaliwa na sitrali bali na sitronelali na geranioli. Nchini Thailand na Indonesia kila mpishi anajua kwamba hii haiendi jikoni. Ni ya mishumaa, sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa za wadudu. Marekani iliisajili kama dawa ya kufukuza wadudu tangu mwaka 1948.

Mwingine ni mti kabisa, mkaratusi wenye majani yanayonukia limau. Kutokana na mafuta yake hupatikana kiambato kiitwacho PMD, ambacho Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinakitaja miongoni mwa vitu vinavyofaa kujipaka dhidi ya mbu. Halafu kuna vetiva, nyasi inayopandwa kwenye miteremko na kingo za matuta kuzuia mmomonyoko. Vetiva ukiichuma jani hainukii chochote cha maana, harufu yake nzuri imo kwenye mizizi. Nimewahi kukaribishwa chai ya majani ya vetiva. Ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Je, mbu wanaukimbia?

Sifa ya kufukuza mbu, kwa sehemu kubwa, mchaichai wetu umeirithi kutoka kwa sitronela. Mafuta ya mchaichai nayo huwasumbua mbu, hilo halina ubishi. Tatizo ni mawili. La kwanza, mafuta haya hupeperuka haraka. Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio ambamo watu walipaka dawa mbalimbali mikononi kisha wakaiingiza mikono hiyo kwenye vizimba vyenye mbu. Bidhaa za sitronela zililinda kwa wastani wa chini ya dakika 20. Ya mkaratusi-limau ilifika kama saa mbili. DEET, dawa ya kemikali ya kujipaka, ya takriban asilimia 24 ilipita saa tano.

La pili ni la kichaka chenyewe. Mafuta ya mchaichai yamehifadhiwa ndani ya jani. Jani lisipokatwa, kusuguliwa au kupondwa, yanabaki mlemle. Ndiyo maana unaweza kupita kando ya kichaka kikubwa usinuse kitu, mpaka ukanyage jani. Kichaka chini ya dirisha ni pambo zuri na chai ya karibu, lakini mtoto anayelala ndani ya dirisha hilo bado anahitaji chandarua.

Kikombe na chupa havilingani

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu madai mengi ya kutisha na ya kusifu yamejengwa juu ya kutojua tofauti hii.

Mafuta ya mchaichai hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani yaliyokatwa, mvuke ukaondoka na mafuta, ukapozwa, kisha mafuta yakaelea juu ya maji na kukusanywa. Pemba wanaijua kazi hii vizuri. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kinachojulikana kwa mafuta ya makonyo ya karafuu, hukamua pia mafuta ya mchaichai. Kilo 100 za majani mabichi hutoa nusu kilo ya mafuta au chini ya hapo. Uhusiano wa chai ya mchaichai na mafuta yake ni ule wa maji ya muwa na gongo: chanzo kimoja, moto umepita katikati, na hakuna mwenye akili anayevinywa kwa bilauri ileile.

Tupige hesabu nyepesi. Chukua gramu 5 za majani mabichi, kiasi cha kikombe. Ndani yake mna kama miligramu 15 za mafuta, tena si yote yanayoingia kwenye chai, kwa kuwa mengine hubaki kwenye jani na mengine huondoka na mvuke. Tone moja tu la mafuta ya chupa lina miligramu 30 au zaidi. Anayeweka matone matano kwenye glasi ya maji "ili kuongeza nguvu" anameza mafuta ambayo asingeyapata hata kwa kunywa vikombe kumi. Sitrali ya kiasi hicho huunguza utando wa mdomo na tumbo. Hata kwenye ngozi mafuta ya chupa huzimuliwa kwanza ndani ya mafuta ya nazi au mengine ya kawaida, kwani wapo ambao ngozi zao huikataa sitrali na kutoka vipele. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya manukato ambayo mtengenezaji wa vipodozi lazima ayataje kwenye lebo, kwa sababu hiyohiyo. Na chupa hiyo ikae mbali na watoto.

Kwa upande wa chai, hali ni nyingine kabisa. Ni kinywaji cha kila siku kwa mamilioni ya watu. Haina kafeini, mradi hukuichanganya na majani ya chai ya kawaida. Mtu mzima mwenye afya anayekunywa kikombe kimoja au viwili hana cha kuogopa.

Homa, usingizi, figo, saratani

Asia ya kusini na kusini-mashariki imeutumia mchaichai kwa mafua, homa, tumbo lililojaa gesi na uchovu wa mwili kwa vizazi vingi. India wanautia kwenye chai ya maziwa pamoja na tangawizi, hasa Gujarat na Maharashtra, na msimu wa mvua ndio wenyewe. Java wana kinywaji kiitwacho wedang sereh: mashina yaliyopondwa, tangawizi na sukari, kinanywewa moto jioni. Angalia kwamba hizi ni shida ndogondogo za nyumbani, za kupumzishwa na kitu cha moto, na hakuna bibi wa Java aliyewahi kuahidi kufuta uvimbe kwa wedang sereh. Ahadi kubwa zimekuja baadaye, na zimepitia kwenye simu.

Ya saratani ina asili inayofahamika. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sitrali ilizifanya seli za saratani, zilizooteshwa maabara, zijiue zenyewe. Ni kazi halali. Lakini seli ndani ya chombo cha maabara si mgonjwa. Chombo hakina ini la kuivunja sitrali kabla haijafika popote, hakina damu ya kuizimua, wala hakina daktari wa kuuliza kiasi gani kitamdhuru mwenye mwili. Vitu vingi huua seli kwenye chombo, siki ikiwemo. Kutoka pale hadi dawa ya binadamu kuna majaribio ya miaka mingi ambayo kwa mchaichai hayajatoa tiba yoyote. Magazeti yaliandika habari ile kwa furaha, barua pepe zikaisambaza, na leo inakufikia ikiwa imeshavuliwa maneno "kwenye maabara". Mgonjwa anayeacha miadi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa ajili ya birika la majani anapoteza miezi ambayo hairudishwi.

Usingizi na wasiwasi: Brazil, ambako mchaichai ulifika na kupendwa sana, watu huunywa ili watulie. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa huko waliamua kupima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba chai hiyo haikuwadhuru waliojitolea kuinywa, ila pia haikuwaletea usingizi wala kuwapunguzia wasiwasi kwa namna ya kupimika. Mimi bado nainywa usiku. Joto la kikombe na kukaa chini vina kazi yake, na hakuna haja ya kuliita jani dawa ya usingizi ili mtu aruhusiwe kulifurahia.

Kuhusu figo, mambo ni ya kushangaza zaidi. Dai maarufu ni kwamba mchaichai "unasafisha figo", na sababu inayotolewa ni kwamba ukiunywa unakojoa sana. Mwaka 2015 watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya watu 105 waliokunywa chai ya unga wa majani ya mchaichai kila siku kwa siku 30, wengine gramu 2, wengine 4, wengine 8. Mkojo uliongezeka kweli. Lakini makadirio ya uwezo wa figo kuchuja damu yalishuka. Ni utafiti mmoja, wa mwezi mmoja, na hausemi kwamba kikombe chako cha Jumapili kitakuharibu. Unatosha hata hivyo kumzuia mwenye figo dhaifu asijitibu kwa lita za mchaichai kwa sababu tu ameona mkojo mwingi. Kukojoa sana na kusafishwa figo ni mambo mawili tofauti.

Presha na sukari vimechunguzwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu. Anayemeza vidonge vya presha anaweza kunywa chai yake, asiache vidonge, na ampe daktari wake taarifa kama anakunywa kwa wingi kila siku. Mjamzito naye asiugeuze kuwa dawa ya kila siku, kwa kuwa viwango vikubwa havijathibitishwa kuwa salama kwake. Mchaichai ulioingia kwenye mchuzi ni jambo jingine.

Lipo eneo moja ambako mmea huu umejitetea vizuri. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa 90 wenye VVU waliokuwa na fangasi za mdomoni katika makundi matatu: waliotibiwa kwa GV, ile dawa ya zambarau, waliotumia maji ya limau, na waliotumia mchaichai. Limau na mchaichai vilifanya vizuri kuliko GV. Kundi lilikuwa dogo, lakini matokeo yanaeleweka: sitrali hudhuru kuvu, na mdomoni inakigusa kuvu moja kwa moja, haina safari ya kwenda tumboni, ini na damu. Ukielewa hilo umeelewa pia kwa nini kilichoua kitu kwenye chombo cha maabara kinaweza kufaa mdomoni na kushindwa kwingine kote.

Homa nayo ina hatari yake. Chai ya moto humtoa mtu jasho, humrudishia maji na kumpa nguvu kidogo, na hayo yote ni mema. Lakini malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Kikombe kinaweza kwenda sambamba na kipimo cha kidoleni na dawa mseto, hakiwezi kuvitangulia.

Nyungu, kuanzia Hanoi mpaka Dodoma

Mwaka 2020 Uviko-19 ulipoingia Tanzania, kujifukizia nyungu kulirudi kwa kishindo. Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliihimiza hadharani, na majani ya mchaichai yakawa miongoni mwa yaliyojaa kwenye sufuria, pamoja na mkaratusi, mwarobaini, tangawizi na malimau. Wengi walidhani tumegundua jambo letu wenyewe, wengine wakalicheka kama ushamba.

Vietnam wana desturi hiyohiyo. Mtu akipata mafua, nyumba hutafuta majani ya mchaichai, ya mbalungi, ya mianzi na mengine ya bustanini, huchemshwa kwenye sufuria kubwa, kisha mgonjwa hujifunika blanketi na sufuria yake mpaka jasho limtiririke. Akitoka hufutwa, huvalishwa nguo kavu na kupewa uji mwepesi wa mchele wenye vitunguu vya majani. Hiyo ndiyo huduma ya mafua, nao hawana makuu: mafua ni ugonjwa unaopona wenyewe, na nyungu inamfanya mgonjwa ajisikie vizuri akisubiri.

Mvuke hulainisha makamasi na kufungua pua kwa muda. Haufiki kwenye mapafu ukiwa na moto wa kuua virusi, na bahati nzuri haufiki hivyo, maana ungeunguza mapafu kwanza. Hatari halisi ya nyungu ni maji yanayomwagika. Mtoto asifunikwe blanketi na sufuria inayochemka hata kwa dakika moja, na mtu mzima aweke sufuria sakafuni pasipoyumba, si juu ya stuli wala mapajani.

Tuliloacha sufuriani

Baada ya yote hayo, lalamiko langu mwenyewe. Afrika Mashariki tumechukua jani tukaacha shina. Jani tunalitia kwenye birika, kama wafanyavyo Wagujarati, na si ajabu, tumeishi nao Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa vizazi. Shina jeupe tunaliacha ardhini likizeeka. Kwa Wathai, Wavietinamu, Wakambodia na Waindonesia, shina hilo ndilo mchaichai, na majani ya juu mara nyingi hukatwa na kuwekwa kando.

Thailand hulipondaponda na kulitia nzima kwenye supu ya tom yum pamoja na khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi), majani ya aina fulani ya ndimu, pilipili na uduvi. Kambodia hulikatakata na kulitwanga na manjano, khulinjani na vitunguu saumu mpaka liwe kiungo chenye rangi ya dhahabu kiitwacho kroeung, ambacho bila hicho mapishi yao mengi hayaanzi. Kisiwani Bali, Indonesia, hulila bichi: sehemu laini ya ndani hukatwa vipande vyembamba kama karatasi, huchanganywa na vitunguu vidogo, pilipili, ndimu na mafuta ya nazi ya moto, kachumbari hiyo huitwa sambal matah na huliwa na samaki wa kuchoma. Hukohuko Bali hulichukua shina lenyewe likawa kijiti cha mishikaki, nyama iliyosagwa ikafinyangwa kulizunguka, harufu ikapanda ndani kadiri inavyochomwa.

Lakini ninalotaka mpishi wa pwani alijaribu kwanza ni la Jakarta, nasi uduk. Ni wali wa nazi, hauna tofauti kubwa na wa Tanga au Lamu, isipokuwa ndani ya tui hutupwa shina la mchaichai lililopondwa. Kata shina sentimita chache juu ya mizizi, liwe na urefu wa kiganja. Vua majani mawili matatu ya nje yaliyokauka. Ligonge kwa mchi mpaka lichanike bila kukatika, kisha litie kwenye tui pamoja na chumvi tui linapoanza kuchemka, ndipo mchele uingie. Shina moja linatosha mchele wa nusu kilo. Ukipenda chai badala ya wali, chemsha maji kwanza, tia majani yaliyokatwa, epua, funika kwa dakika kumi. Wanaochemsha majani kwa nusu saa sufuria ikiwa wazi wanaifukiza jiko lote na kunywa kilichobaki.

Na kabla ya kupakua wali, litafute shina hilo ulitoe. Halilainiki hata ulipike mpaka kesho, na mgeni akilitafuna atadhani umempikia ukuni.